Geti Lisiwashwe Mpaka Fundi Aje

Baba Watoto,

Usiwashe geti. Nimezima swichi yake ya ukutani. Ukifika lisukume kwa mkono, polepole, na watoto wakae garini mpaka liingie ndani. Wali uko jikoni, upashe moto.

Asubuhi mama yako alikuwa anafagia majani kwenye reli ya geti. Umeme ulikuwa umekatika, ukarudi, na geti likaanza kujifunga lenyewe. Rimoti zote mbili zilikuwa hapa mezani. Mama hakukimbia, maana alijua lile jicho la usalama likimwona geti husimama. Halikusimama. Lilimbana bega kwenye nguzo na likazidi kusukuma. Nilizima swichi mikono ikiwa na povu la sabuni. Alichosema ni kimoja tu: "Mwanangu, halikuniona."

Mkono wake hauinuki. Tunakwenda hospitali.

Nimempigia fundi. Akauliza ni nani aliyeziunganisha pamoja nyaya za jicho ili geti lisilitii tena. ~~Nimemwambia sijui.~~ Nimemwambia ni wewe, Jumapili, kwa sababu vumbi kwenye jicho lilikuwa linalisimamisha geti kila asubuhi na wewe unachelewa kazini. Akasema jicho lilihitaji kufutwa kwa kitambaa tu. Akauliza pia watoto wetu wana urefu gani.

Mama hajui kuhusu nyaya. Yuko kwenye teksi hapo nje, ananihimiza nikuandikie uwe mwangalifu na geti, lisije likakuumiza. Utamweleza wewe mwenyewe.

Mama Watoto