Mjomba Anayefundisha kwa Simu

Marangu,
Moshi.
14 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Jacob,

Shikamoo yako ya juzi niliipata, marahaba sana. U hali gani huko Denmark? Goti lako je, linakuruhusu kusimama kazini siku nzima? Na baridi imeshaanza, au hao wenzako bado wanatembea na kaptula wakisema ni kiangazi? Sisi huku ni wazima kwa neema ya Mungu. Mama anakula vizuri, analala vizuri na anagomba vizuri, kwa hiyo ujue afya ipo. Shemeji yako Wilson alishikwa na mgongo wakati wa kuchuma kahawa, ila sasa ameanza kuinama. Yule ng'ombe mweusi amezaa jike. Ndizi zipo, mvua ndiyo tunaingoja.

Barua hii anakuletea Denis, kijana wa jirani zetu wa ng'ambo ya mfereji, anayekuja huko masomoni. Amekubebea na kahawa ya nyumbani, nimeikaanga mwenyewe. Utashangaa kwa nini ninaandika wakati simu ipo. Jacob, kwenye simu mwenye kuongea ni wewe. Mimi huwa naishia "ee, ee, sawa", mpaka mtandao unakatika na neno langu nabaki nalo kifuani. Leo nimetoka ibadani, nimefunga mlango wa chumba, na utanisikiliza mpaka mwisho.

Habari yenyewe ni ya Violet na mchezo wake wa vinyoya. Nimechoka, mdogo wangu. Nimechoka mpaka najiuliza kama mtoto huyu nilimzaa mimi au ulimzaa wewe.

Kwanza haki yako nikupe. Wewe ndiye uliyemshikisha raketi. Nakumbuka ulivyofunga kamba ya katani kati ya mibuni miwili, ukatengeneza kinyoya kwa gunzi na manyoya ya jogoo wa Mama, jogoo wa watu akabaki mkia mtupu na Mama akakufukuza na mwiko. Ukampeleka Violet mjini, kwenye ule ukumbi ambako Kocha Basili alikuwa anafundisha watoto Jumamosi. Hayo yote ni yako na hakuna anayekunyang'anya.

Lakini siku ile ile Kocha Basili alimweka Violet pamoja na Gladness, binti wa Mektrida anayeuza mitumba sokoni Pasua, kule mjini. Tangu hapo hawakuachana. Wamekua pamoja, wamecheza mashindano ya shule pamoja, hadi klabu ya Dar es Salaam ikawachukua wawili, wakawa wachezaji wa kulipwa. Mimi nilidhani ni mzaha, mtu kulipwa mshahara kwa kupiga manyoya! Kumbe wakaenda Kampala, wakaenda Lusaka, wakarudi na medali. Mama amezitundika pale kwenye kalenda ya usharika, na mgeni hapewi chai kabla hajazitazama.

Sasa sikiliza, maana nadhani hili hujawahi kulielewa pamoja na ujuzi wako wote. Gladness anasimama mbele, karibu na wavu. Violet anasimama nyuma. Gladness anakigusa kinyoya kidogo tu, kwa namna ambayo wapinzani hawana la kufanya ila kukiinua juu. Kikishainuka, Violet anaruka na kukibamiza, na watu wote wanapiga makofi. Ni kama jikoni, mmoja amekesha na moshi, mwingine anapakua, halafu wageni wanamsifu aliyepakua. Mimi nisiyejua hata kushika raketi niliona hivyo kwa macho yangu, nikajua mtoto wangu bila yule binti ni nusu.

Wewe ukaanza kutazama video. Jamani, hizo video! Ati kwa kuwa huko kila kitongoji kina ukumbi wa vinyoya, nawe jioni unakwenda kuwatazama Wazungu wakicheza, basi umekuwa bingwa. Kabla ya mazoezi, ujumbe wa mjomba. Baada ya mazoezi, ujumbe wa mjomba. Violet akiwa anakula kiburu changu cha ndizi na maharage sahani inapoa, kisa mjomba anaeleza namna ya kuweka mguu. Nilikuambia mara ngapi, "Jacob, mtoto ana kocha"? Ukanicheka, ukasema kocha ni wa zamani.

Tena unajua vizuri sana kwetu ilivyo. Mjomba akisema, mtoto haulizi. Wewe unatoa maoni tu, umejinyoosha kwenye kochi lako, lakini huku yanafika kama amri. Violet hajawahi kukwambia "hapana" tangu azaliwe, na hilo ndilo lililotufikisha hapa.

Mwezi wa sita walikuwa na fainali Dar es Salaam. Mimi nilikwenda, nikakaa jukwaani na kitenge changu cha sherehe. Nilichokuwa sijui ni kwamba asubuhi ile ulimpigia, ukamwambia safari hii yeye acheze mbele na Gladness arudi nyuma, eti ndivyo wanavyofanya mabingwa. Violet akaona haya kumwambia mwenzake kwamba ni maneno ya mjomba. Akanyamaza nayo. Mchezo ulipopamba moto akaanza tu kukimbilia mbele.

Jacob, waligongana kama kuku waliorushiwa mahindi. Mara wote wako mbele, nyuma hakuna mtu, mara wote wanakifuata kinyoya kimoja, mpaka raketi ya Violet ikamchana Gladness juu ya jicho. Damu ilichafua jezi. Wakafungwa na wasichana ambao wao wenyewe waliwafunga mwezi wa tatu katika ukumbi ule ule. Nilifunika uso na kitenge.

Bado hayo ni madogo. Nikashuka chumba cha kubadilishia nguo. Kocha Basili anamkandamiza Gladness pamba kwenye jeraha, Violet ameinamia simu yake. Nawe ulikuwa umetuma ujumbe wa sauti. Akaubonyeza akidhani atausikia sikioni, kumbe sauti ilikuwa imefunguliwa yote. Chumba kizima tukakusikia: "Huyo wa Pasua anakurudisha nyuma. Achana naye, tafuta mwenzako wa maana."

Wa Pasua! Wewe, Jacob, uliyesoma shule ya msingi na kaptula yenye viraka viwili matakoni, ndiye wa kumwita mtu "wa Pasua"? Nilitamani sakafu ipasuke niingie. Gladness hakulia, hakutukana. Alisimama, akaniaga kwa adabu, "Mama, shikamoo, mimi natangulia," akabeba begi lake na damu bado inamtiririka. Tangu siku ile akawa sokoni na mama yake, anakunjua marinda ya watu wengine.

Nilifikiri Violet atafumbua macho. Wapi! Mjomba amesema atafute mwingine, akatafuta mwingine. Akapata binti mmoja wa Arusha, mrefu, ana nguvu za kupasua kuni. Wote wawili wapigaji, wa kutengeneza hakuna. Wakatolewa mzunguko wa kwanza, na mashindano yaliyofuata wakatolewa tena mzunguko wa kwanza. Ulipiga ukasema ni bahati mbaya. Nilikata simu ile, haikuwa mtandao.

Sasa klabu imesema mkataba ulikuwa wa Violet na Gladness. Kama Gladness hayupo, mwaka ukiisha basi. Na Kocha Basili alitakiwa kupeleka majina ya mashindano ya Afrika kabla ya mwisho wa mwezi huu. Akasema atapeleka hao wawili au hapeleki mtu. Mtoto ana miaka ishirini na minne, hakusomea kitu kingine, maisha yake yote ni raketi hiyo. Alirudi nyumbani Agosti. Akawa anakaa jikoni anamenya ndizi. Unamwita anaitika, unamtuma anakwenda, lakini mtu mwenyewe hayupo. Iliniuma, Jacob. Wilson naye alikunywa chai yake akaenda zake, na ukimwona Wilson amekosa hata utani ujue nyumba imeingia baridi.

Ni Mama aliyesema tupeleke isale, jani la kuombea msamaha. Akalikata mwenyewe pale mpakani mwa shamba letu la kihamba, akalifunga fundo, akanikabidhi mbele ya Violet. Nikashuka naye mpaka Pasua. Mektrida ni mtu wa Kibosho, mila zetu anazijua, alipoliona tu jani mkononi mwangu akaacha kukunja nguo, akafuta kiti. Unajua isale hairudishwi. Gladness akalipokea kwa mikono miwili, nikashusha pumzi, nikajua tumemaliza.

Hatukuwa tumemaliza. Akaniambia, "Mama, Violet nilimsamehe siku ile ile. Lakini msamaha ni kitu kimoja na kucheza ni kitu kingine. Tukiwa uwanjani tuko wawili. Kama kuna wa tatu kwenye simu, acha mimi niuze nguo." Nikamtazama Mektrida anisaidie kumlainisha bintiye. Mektrida akasema, "Ameshasema, mama Violet."

Kovu lipo, Jacob. Liko juu ya nyusi, limekaa vibaya.

Violet akaanza kulia pale pale katikati ya mitumba. Nikamwambia basi mpigie mjomba wako, mwambie aache. Akasema, "Mama, mjomba ndiye aliyenifundisha. Nitamwambiaje aache? Nitaanzaje?" Nikamwona kweli hawezi. Angekubali kuacha vinyoya maisha yake yote kuliko kukuvunja moyo wewe. Hapo hasira zangu zikapungua kidogo, zikawa huruma, halafu zikarudi.

Kwa hiyo namsemea mimi, dada yako, niliyekubeba mgongoni. Acha. Usimfundishe tena Violet vinyoya. Usimwambie asimame wapi, usimtumie video za mabingwa, usimpigie asubuhi ya mashindano, na akifungwa usimweleze kwa nini. Hata ukiona kosa ambalo kipofu angeliona, meza mate.

Najua ninachokuomba. Usidhani sijui. Najua huko uko peke yako, unatoka ghalani unaingia kwenye chumba chenye taa moja, na saa ile ya Violet ndiyo saa yako ya kuwa nyumbani. Najua goti ndilo lililokuzuia wewe mwenyewe kuwa mchezaji. Nimeandika sehemu hii nikafuta, nikaandika tena. Lakini mtoto si goti lako, Jacob. Ana mwenzake, na masikio aliyonayo ni mawili tu.

Mpigie, bado mpigie sana. Muulize amekula nini. Muulize habari za ndama. Muulize kama kuna kijana anayemsumbua, atakuficha lakini atacheka. Mwambie habari zako wewe, maana mtoto huyu anajua jina la kila bingwa wa huko Denmark na hajui mjomba wake Jumapili anapika nini.

Na Gladness unadaiwa neno. Andika kwa mkono wako, mpe Denis akija Krismasi. Usianze na "kama nilikukosea". Ulimkosea.

Mama anakusalimu sana, anasema jogoo wa sasa pia ana mkia mzuri na yuko salama kwa kuwa uko mbali. Wilson anakusalimu, anauliza kama buti za kazini huko zinauzwa. Kocha Basili anakusalimu, kwa kifupi. Nisalimie na yule mzee Mdenmark wa chini yako anayekupa mkate.

Jambo moja nimelibakiza. Jumatatu iliyopita wameanza mazoezi, Violet nyuma na Gladness mbele, na majina yao Kocha Basili ameyapeleka jana. Nilikwenda tena Pasua nikamwambia Gladness kwamba nimeongea na wewe na umekubali. Nilisema hivyo nikimtazama usoni, mimi mzee wa usharika. Kwa hiyo Jacob, kwa barua hii sikuombi tena. Ulishakubali wiki iliyopita, usije ukaniaibisha.

Mungu akulinde huko ugenini, akuponye goti, na kwa neema yake akufunge mdomo.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda hata leo nikiwa na hasira,

Elisifa