Raba za Mama

Alhamisi, Kasulu. Saa nne hii na ukungu bado umeganda juu ya migomba. Moyo wangu uko hivyo hivyo.

Nimechoka, shajara. Nimechoka na raba za mama.

Mama hulala na viatu. Tangu nipate akili namwona hivyo, kamba zimefungwa, blanketi juu. Usiku walipokimbia vita Burundi alitoka pekupeku, miiba ikamchelewesha, na kaka yangu aliyekuwa mbele yake akapotelea gizani. Hajaonekana hadi leo. Katika kambi ya wakimbizi alilala na viatu. Tumepata uraia, tumejenga nyumba yetu ya matofali, na bado.

Sasa ana sukari, na mguu wa kushoto una kidonda. Nesi alisema wazi kwamba usiku kipate hewa, la sivyo mguu utakatwa. Nimembembeleza, nimenuna, hata raba nilizificha. Alikaa kitandani bila kufumba macho mpaka nikazirudisha.

Wiki hii niliazima kitabu kanisani, kumbukumbu za mama mmoja aliyenusurika vita na mauaji ya kimbari. Nilitegemea kinipe moyo. Wapi! Kurasa kwa kurasa ni maiti tu. Nilikaribia kukirudisha, ndipo nikafika pale anaposimulia usiku wa kwanza aliothubutu kulala bila viatu. Hasemi kwamba alipona. Anasema alivivua, akaviweka mlangoni, akalia.

Nililia na mimi. Sikujua kuna mwingine.

Jana jioni tukichambua maharage nilimsomea mama, nikimgeuzia kwa Kirundi. Mikono yake ikasimama.

"Huyo naye alipoteza mtoto?"

"Ndiyo, mama."

Akarudi kuchambua maharage.

Asubuhi hii nimekuta raba moja mlangoni. Nikapiga magoti kushukuru kabla sijaitazama vizuri. Ni ya kulia, ya mguu mzima.

"Mama, mbona umevua ya mguu huu?"

"Mwana wanje, mwanangu, ule mgonjwa ndio utanichelewesha tukikimbia tena. Acha mguu huo ukae na raba yake, tayari."

Kidonda kimeanza kunuka. Sina matumaini makubwa, nisijidanganye. Lakini sijawahi kumwona mama akiamka na mguu mtupu, na leo nimeuona, umesinyaa na kuwa mweupe kwa kukosa jua.

Jioni nitamsomea tena ukurasa ule ule. Sijui kama kidonda kitatusubiri.