Kiboko Hakirudi Kigwa

Tabora Mjini,
Jumatano.

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, uvimbe wa mguu umepungua, na mama hajambo. Sisi wawili hatujambo kabisa. Simu zangu hupokei, ndiyo maana naandika.

Baba, ndoa ni tamu! Leo ni wiki ya sita, na bado naamka kabla ya Emilian ili tu nimtazame mume wangu akilala. Ananikorogea uji kwa mikono yake! Akipiga gitaa lake la umeme, sufuria zinatetemeka kwenye rafu na moyo wangu unatetemeka nazo.

Najua Baba Mdogo Masanja amekusimulia ya Jumapili. Bendi ya Emilian ilipiga roki ukumbini, na wimbo wa mwisho ulikuwa "Hamsa Ishirini", yaani vile viboko ishirini na vitano, kuhusu wapagazi waliochapwa na Wajerumani kwenye njia ya misafara. Emilian alikipiga kiboko kwenye ngozi ya ngoma, watu wakihesabu kwa sauti. Kila pigo na mstari wake: mgongo uliopasuka, nzi kwenye kidonda, mzigo wa pembe ukabebwa hivyo hivyo. Walipofika kumi na tisa likatajwa jina la babu yako, nyapara aliyewachapa.

Baba Mdogo akapanda jukwaani, akamnyang'anya mpiga besi gitaa, akamvunjia mume wangu kichwani, akifoka kwamba mtu wa kuja mwenye rasta hawezi kugeuza mifupa ya wazee wetu kuwa ngoma. Alishonwa nyuzi tisa, Baba. Nilimpakata, damu yake ikalowesha gauni langu. Naye akacheka, akasema Baba Mdogo ana nguvu ila amekosa mdundo. Nisimpendeje mtu kama huyo?

Ujumbe wako nimeupata: Emilian asikanyage Kigwa mpaka arudishe kiboko alichokiiba darini, na aombe radhi kwa maneno aliyotunga.

Baba, Emilian hakuiba wala hakutunga. Kiboko nilikitoa mimi, asubuhi ya harusi, nikakiviringisha kwenye kitenge ndani ya sanduku langu. Maneno yote niliandika mimi. Ulipokuwa ukitusimulia kwa fahari jinsi babu yako alivyokabidhiwa kiboko hicho na Mjerumani, mimi nilikuwa nayaweka kichwani.

Tena Baba Mdogo aliukatiza wimbo kabla ya ubeti wa mwisho. Ule hauna Mjerumani. Una jiko letu, mama amepiga magoti kwa sababu ugali umeungua, nami nyuma ya mlango nahesabu. Siku ile uliishia kumi na nne, mkono ulichoka.

Nakupenda, Baba, na Emilian anakuheshimu. Pasaka tutakuja kukusalimu na kuku wawili. Kiboko hakitakuja. Jumapili ijayo tunaupiga tena ule wimbo, safari hii mpaka mwisho.

Msalimie sana mama. Mwambie chumba chake kwetu kiko tayari, kitanda nimeshatandika.

Ni mimi binti yako,
Josepha