Sauti Inayosema Subiri

Ijumaa, 28 Februari

Naandika kwa sababu leo nimeacha kazi, na nyumbani hakuna anayetaka kunisikia nikieleza kwa nini. Karatasi haimkatizi mtu. Basi iwe karatasi.

Niweke mambo wazi. Mimi ni mhitimu wa mawasiliano, daraja la kwanza. Kwa miaka miwili nimekuwa afisa wa huduma kwa wateja katika kampuni ya bima, meza ya pili kutoka dirishani. Katika muda wote huo nimefanya jambo moja tu ambalo watu wamelisikia: nilirekodiwa sauti. Kila apigaye simu kampuni hukutana nami kwanza. "Asante kwa kutupigia. Simu yako ni muhimu kwetu. Tafadhali subiri." Kisha kinanda. Kisha mimi tena.

Nilirudia hadi nikaridhika na neno "muhimu". Nilitarajia sifa. Meneja alisikiliza huku akitafuna karanga, akasema, "Inatosha."

Leo wenzangu wamenikatia keki. Mhasibu akauliza kama naondoka na sauti yangu au naiacha. Vicheko! Meneja akajibu kwamba ni mali ya kampuni. Baadaye akanivuta kando: kiti changu hatampa mtu mpaka mwisho wa Machi, maana vijana hubadili mawazo. Nimemshukuru kwa maneno yaliyopangika mno. Nikashuka kwa ngazi, nikaiacha lifti. Nilitaka kutoka kwangu kuwe kurefu kidogo.

Jumapili, 2 Machi

Baba hasemi nami.

Yeye ni karani mstaafu wa mahakama. Maisha yake yote aliandika maneno ya watu wengine — mashahidi, mawakili, mahakimu — na yake mwenyewe akayabania. Mezani leo alimwambia Mama, nami nimekaa mbele yake pua kwa pua: "Mwambie mwanao kiti kile nilimwombea mimi. Nilikwenda kwa mzee mwenzangu, kofia mkononi."

"Umesikia?" Mama akanigeukia.

"Nimesikia, Mama."

"Amesema amesikia," Mama akamfikishia. "Haya, na chumvi mnataka niwapitishie pia?"

Dada alicheka hadi akapaliwa. Baba hakucheka. Alisema tu, akiutazama ukuta, kwamba mtaka yote hukosa yote.

Ilipofika saa ya habari alivuta redio yake, ile ndogo iliyofungwa mpira kiunoni ili betri zisidondoke. Akainua kidole. "Nyamazeni, anasema." Nyumba ikatulia tuli, hata shangazi, ambaye hanyamazi hata msibani. Naujua ukimya ule tangu sijaota meno ya mbele. Mtu asiyetujua, aliye mbali, anasema — na Baba anainama kana kwamba ananong'onezwa yeye peke yake.

Sikuwahi kutaka kiti. Nilitaka kuwa yule anayenyamaziwa.

Likiwa limeandikwa, linaonekana la kitoto. Nimelisoma tena. Bado ni kweli.

Jumatano, 5 Machi

Nimesafiri. Redio ya jamii, mji mdogo vilimani, mtangazaji mmoja anahitajika — niliomba, wakanikubali, nimekwenda. Ukiandika hivyo, kuhama kunaonekana jambo jepesi.

Mama alinisindikiza mpaka mlangoni. Baba alikuwa ndani, mlango wake umerudishwa, haukufungwa. Nilisema kwaheri kwa sauti ya kutosha watu wote wa nyumba. Ndani nikasikia kiti kikisogea. Basi. Kiti tu.

Njiani barabara ilianza kupanda, na basi likaingia katika ukungu kama mkono unavyoingia katika mkono wa shati. Kwa muda hapakuwa na mlima wala bonde, abiria tumeketi ndani ya weupe, kila mmoja na mawazo yake. Niliona uso wangu kwenye kioo, na nyuma yake hakuna chochote. Sikuogopa. Nilijihisi mwepesi, kama neno ambalo bado halijasemwa.

Alhamisi, 6 Machi

Studio!

Ilikuwa duka la viatu. Kuta zimevalishwa trei za mayai na blanketi kuukuu ili mwangwi ufe. Rafu za zamani zimebaki, na namba za viatu bado zimepigwa rangi ukingoni. Vifaa vyangu vimewekwa chini ya maandishi "WATOTO". Harufu ya ngozi haijatoka. Ukifunga mlango, dunia inakatika — masikio yanasikia damu yako mwenyewe ikitembea. Nilisimama humo nimefumba macho mpaka fundi mitambo akagonga kuuliza kama nimezimia.

Fundi ni dada mmoja mwembamba, mwenye koleo mfuko wa nyuma. Mji mzima unamwita Waya. Nilijitambulisha kwa ukamilifu, pamoja na shahada na daraja. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Karibu, daraja la kwanza," akasema. "Shika hapa, nivute huku."

Alinionyesha taa nyekundu juu ya mlango: ikiwaka, maana yake tupo hewani. Ila imeungua. Ameagiza nyingine. Matangazo yanaanza Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili, saa kumi alasiri, na nitakayefungua ni mimi.

Masafa yetu yanaishia kwenye bonde hili. Redio ya Baba haiwezi kutunasa. Sijui kwa nini nililiuliza hilo kabla ya lolote.

Jumatatu, 10 Machi

Mkurugenzi ni mama mfupi, miwani yake ina kamba. Nilimsomea ufunguzi niliouandaa: "Wapendwa wasikilizaji, kwa heshima na taadhima..." Akainua mkono.

"Mwanangu, mgeni rasmi ni nani?"

Nikasema hakuna.

"Basi mbona unamsomea risala? Unaongea na nani hapo?"

"Na umma, Mkurugenzi."

"Umma hauna sikio. Mtafute mtu mmoja. Mweke pale," akaonyesha kiti kitupu upande wa pili wa maikrofoni, "useme naye. Wengine watasikiliza kwa wizi, na hicho ndicho watu wanachokipenda."

Nimekitazama kiti hicho mchana kutwa. Nilimketisha mwalimu wangu wa chuo, akanisahihisha. Nilimketisha Mama, akaniuliza kama nimekula. Nilijua tangu mwanzo nani angestahili kukaa pale. Nilizunguka tu.

Jumamosi, 15 Machi

Dada amepiga simu. Aliongea kwa sauti ya chini, kama aliyejificha stoo.

"Wewe, nina jambo. Usimwambie mtu."

"Sema."

"Baba anapiga simu bima."

Nikadhani anaomba nirudishiwe kazi. Nikaanza kukasirika. "Anaongea na meneja?"

"Haongei na yeyote, mdogo wangu! Anapiga, anaweka spika, anakusikiliza ukisema tafadhali subiri. Kinanda. Wewe tena. Mhudumu akipokea tu — kata! Kesho yake vilevile. Jana shangazi alikuwa anaropoka sebuleni, Baba akainua kidole."

Dada akauliza kama simu imekatika.

Nilitoka nikatembea mpaka mwisho wa barabara, ukungu unapoanzia. Watu walipita, wakawa vivuli, wakapotea. Mahali fulani huko chini mzee ameinamia simu, na mimi namwambia asubiri. Namwambia vizuri kabisa. Neno "muhimu" limekaa mahali pake.

Jumanne, 18 Machi

Sijui niandikeje la leo. Niliandike kwa utaratibu.

Baada ya chakula cha mchana Waya alipanda mlimani kwenye mnara. Tulikubaliana: atanipigia simu akiwa tayari kuwasha mtambo, nami nitasoma kipande cha hali ya hewa ili ajue sauti inafikaje. Simu haikuita. Taa juu ya mlango haiwaki — imeungua, nalijua hilo, na macho yangu yakaliamini giza lake hata hivyo. Nikajua niko peke yangu. Nikaamua kufanya mazoezi na kile kiti.

"Baba, shikamoo," nikaanza.

Na baada ya hapo risala ilinitoka mikononi. Nilimweleza ukungu unavyofika dirishani asubuhi ukatulia kama paka anayengoja kufunguliwa. Nikamweleza harufu ya viatu. Nikasema kiti alichoniombea hakikuwa kibaya, na kofia yake mkononi naiona kila nikilala, lakini nilikalia kiti hicho kwa ajili yake, naye akadhani nakikalia kwa ajili yangu. Nikasema: "Kwa miaka miwili nimekuwa nikikwambia usubiri. Ile ni mashine, Baba. Hii ndiyo sauti yangu. Inatetemeka, utaniwia radhi. Kama ungekuwa hapa ningekuomba uinue kidole mara moja tu, kwa ajili yangu."

Kisha nikasoma hali ya hewa, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa imepangwa.

Nilipofungua mlango, mwenye nyumba wangu alikuwa amesimama barabarani na kikapu chake, kamasi zinamtoka. Nyuma yake kinyozi, na mteja ambaye upande mmoja wa kichwa haujanyolewa.

"Mwanangu," akasema, "baba yako akikataa, njoo kwangu. Mume wangu anatafuta wa kumgombeza."

Simu haikushika mtandao huko mlimani. Waya aliwasha mtambo, akanikuta tayari naongea, akajua nimeanza jaribio. Bonde lote limesikia. Lote!

Alishuka jioni na tope magotini. Nilimuuliza, kwa lugha ambayo sijivunii, kwa nini hakuzima.

"Nilidhani ndiyo hotuba yako uliyoandaa," akasema. Akachezea koleo. "Mwanzoni. Baadaye nilijua siyo. Lakini ningeizimaje, kaka? Nimekaa kwenye jiwe pale juu, na mimi na baba'ngu hatujasemezana mwaka wa tatu huu. Uniwie radhi."

Jumatano, 19 Machi

Nina jina jipya: Baba Shikamoo. Muuza mkate ameniita hivyo. Kinyozi pia. Nilikwenda kununua sabuni, mwenye duka akainua kidole, wateja wote wakanyamaza, kisha wakaangua kicheko. Nami nikacheka, ningefanyaje? Ajabu ni kwamba hakukuwa na ubaya ndani yake. Kilikuwa kicheko cha watu wanaomjua mtu.

Mkurugenzi hakunifukuza. Amesema kwa mara ya kwanza hakutazama saa. Halafu akaongeza kwamba hali ya hewa niliisoma vibaya.

Kuna mtu ameirekodi kwenye simu, na rekodi imeshuka mlima kabla yangu. Dada ameandika maneno mawili tu: "Imefika huku."

Nimeuliza: Baba je?

Hajajibu. Siku nzima nimeishi kama ndani ya pamba. Nilimwaga chai nikaitazama ikienda, ikatafuta njia yake sakafuni, ikafika mlangoni, ikasimama.

Alhamisi, 20 Machi

Dada amepiga alfajiri. Safari hii hakunong'ona.

Baba alisikiliza rekodi peke yake, mlango umefungwa — umefungwa, si kurudishwa. Alipotoka alidai maji. Akanywa. Akasema, kwa Mama, kama kawaida yake: "Simu hii ina kelele. Hivyo sivyo mtu anavyosikilizwa." Akavaa kofia akatoka.

Alirudi na tiketi ya basi ya kuja huku.

"Anakuja!" nikapiga kelele. Mwenye nyumba akagonga ukuta.

"Ngoja kwanza, usirukeruke. Anakuja na redio yake, ameinunulia betri mpya. Amesema hatakanyaga ndani ya studio yenu. Atakaa nje, asikilize kama mtu mwingine yeyote. Ukimaliza, utoke, ndipo mtaonana."

"Na ndipo atasema nini?"

Nyuma ya Dada nilisikia vyombo, maji, Mama akiuliza nani yuko kwenye simu.

"Mdogo wangu, za kurudi amekata mbili. Za Jumapili asubuhi. Nimeziona kwa macho yangu. Mama alipomuuliza ya pili ni ya nani, akasema kiti cha pembeni yake hukaliwa na watu wabaya, bora akilipie."

"Na wewe umeelewaje?"

"Mimi? Yule baba yangu namwelewa lini? Kiti chako bima kipo hadi mwisho wa mwezi, hilo analijua. Tiketi ni mbili. Redio ina betri mpya. Jumlisha mwenyewe, si wewe daraja la kwanza?"

Nimejumlisha kutwa nzima. Jibu linabadilika kila ukungu unaposogea.

Mchana Waya amefunga taa mpya. Ameiwasha kunijaribia: nyekundu, tulivu, kama kaa. Nilimsimulia yote, akatoka nje, akarudi na lile benchi la zamani, walilokuwa wakilikalia wateja kujaribu viatu. Ameliweka chini ya dirisha la studio, upande usio na upepo. Nikiketi kwenye maikrofoni, kupitia kioo nitaona kofia tu. Kofia, na labda mkono, endapo atauinua.

Nimechana ufunguzi nilioandika. Wa pili pia. Sina ninalolijua zaidi ya maneno mawili ya kwanza.

Jumamosi, saa kumi alasiri. Yeye kwenye benchi, mimi ndani.