Shairi la Mjerumani Wangu

Kilburn, Jumanne

Kumbe huko ndiko kurasa za faili zilikokuwa zikienda! Wiki mbili meneja ananifokea kwamba siandiki ripoti za kila siku za mzee ninayemhudumia nyumbani kwake, hata onyo nimepewa. Nami nilishaanza kudhani kichwa changu kimechoka.

Leo binti yake amekuja na gazeti la Kijerumani, uso umemchanua. Baba yake, mwandishi wa riwaya zilizojaa ukuta mzima, ametoa shairi baada ya kimya cha miaka! Akanitafsiria, machozi yakimlengalenga:

"Asubuhi amekula nusu ya uji. Amekataa kuoga. Ameuliza mkewe yuko wapi. Nimemwambia ametoka."

Hayo ni maneno yangu! Niliyaandika Alhamisi moja nimesimama jikoni.

"Mzee, umechana faili langu?"

"Wewe uliandika tu," akajibu bila haya. "Mimi ndiye niliyekata mistari ikawa shairi."

Eti kukata mistari! Vifungo vya shati vinamshinda, mistari anaiweza. Na gazeti linamsifu kwa ujasiri wa kutopamba maneno. Mimi sikupamba kwa sababu basi lilikuwa linakuja.

Lililonichoma ni lile la mkewe. Marehemu yule. Nilimdanganya kwa huruma, naye kumbe alijua, ndipo akalimalizia shairi kwa uongo wangu.

Kabla ya kutoka nikaandika kwenye faili: "Amekula vizuri. Ameiba. Hajajuta." Nikaliacha wazi mezani, nikaenda kuvaa koti.

Niliporudi, ukurasa haukuwepo.