Mkate Kwenye Tundu la Mabati

Kawangware,
Jumapili jioni

Dada yangu Syombua,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini mmeamka salama hapo Mutomo, na kwamba goti la mama limepungua uvimbe. Mimi afya ninayo, ila mgongo hunikumbusha kila asubuhi kwamba ujana umekwisha. Nimesikia mvua imenyesha huko. Kama ni kweli, nafurahi kwa ajili ya mbaazi zenu.

Ulinipigia Ijumaa ukilia, ukasema Mwongeli amerudishwa nyumbani kwa sababu alikutwa na mwanamume wa mjengo, na kwamba umemchapa na bado hataki kumtaja. Ukaniomba, kwa kuwa mimi ni mtu wa mjengo, nimtafute mwanamume huyo. Nikajibu nitauliza. Nimeshindwa kukupigia tena. Nikisikia sauti yako nitaishia kuuliza habari za mbuzi. Ndiyo maana nimeandika, na jirani yetu Mutinda atakuletea kesho akija nyumbani.

Kwanza ujue kazi yangu. Niliwaambia ninajenga ofisi Kilimani na nina watu chini yangu. Si kweli. Mimi ni mtu wa mkono. Nachanganya zege na kubeba karai, na Ouma fundi akiitisha mawe, napeleka. Na tunachojenga ni shule ya Mwongeli, hapa karibu na mtaa wa Ayany.

Ile shule imezeeka, dada. Kuta zimepasuka hadi unaona mwanga wa upande wa pili. Tunabomoa madarasa kidogo kidogo na kuinua ghorofa, lakini masomo hayasimami. Form One wanasomea kwenye hema, Form Two kwenye ukumbi wa kulia. Kengele yao ndiyo inatuamrisha na sisi. Wasichana wakiingia darasani, mashine inazimwa na tunapanga mawe kimya kama tuko kanisani. Wakienda mapumziko, tunameza chai upesi, kisha tunakimbia kumwaga zege kabla hawajarudi.

Kati yetu na wao kuna ua wa mabati. Wakoli, msimamizi wetu, alituonya mapema kwamba atakayeonekana akiongea na mwanafunzi ataondoka siku hiyo hiyo. Ouma akamuuliza kama kuku wa mwalimu mkuu tunaruhusiwa kuwasalimia. Watu walicheka. Wakoli hakucheka, nami sikumwambia kwamba nina mpwa upande ule.

Nilikuwa nikivuta kofia hadi machoni Mwongeli asinione hivyo. Lakini alinijua kwa mwendo tu. Wakati wa mapumziko alikuja kwenye tundu la mabati, akaita anko polepole, akauliza mbona wenzangu wanakunywa chai na mimi nakunywa maji. Tangu hapo akawa ananipitishia nusu ya mkate wake. Nilimkataza. Akasema yeye hushiba chai. Nikaula, dada. Nilikuwa na njaa, nikala mkate wa mtoto wako.

Alhamisi Madam Audrey, naibu wa mwalimu mkuu, alimkuta mkono ukiwa bado kwenye tundu. Mwongeli alimwambia bila woga kwamba anampa anko wake, ndugu wa mamake. Nikaitwa. Wakoli alikuwa amesimama pale, na mafundi wote wameacha kazi watazame. Madam aliniuliza kwa upole kama ninamjua msichana huyu.

Nikasema simjui. Nikaongeza kwamba yeye ndiye huja kuniita.

Mwongeli hakubishana. Alinitazama kidogo, kisha akamwambia Madam kwamba labda amenifananisha. Mtoto alinifichia uongo wangu, na ndipo akaonekana mwongo yeye, tena mbaya zaidi, maana msichana hampi mwanamume asiyemjua mkate wake kila siku.

Kwa hivyo mwanamume uliyeniambia nimtafute ni mimi. Na hakuna lolote baya lililokuwapo isipokuwa mdomo wangu.

Jana nilikwenda ofisini kwa Madam, nikavua kofia, nikasema kweli yote. Alinisikiliza, kisha akauliza amwamini Musau yupi, wa Alhamisi au wa Jumamosi. Akasema ameshaona wanaume wengi wanaojiita anko. Wakoli naye alinifukuza kabla sijafika langoni, na sina la kumlaumu. Madam anasema neno langu halifai tena, na Mwongeli hatarudi darasani mpaka mamake aje mwenyewe aeleze huyu mtu ni nani.

Usimchape tena. Mwombe msamaha kwa niaba yangu, ingawa najua hilo ni langu kufanya. Kisha uje naye, mnikute langoni. Nakuomba usimame mbele ya Madam, na mafundi wakiwapo, useme kwamba mimi ni ndugu yako. Nilipoulizwa neno dogo kama hilo juu ya mtoto wako, nililikataa. Ukilikataa na wewe nitaelewa, lakini mtoto atakosa shule.

Msalimie mama, na umsomee yote haya, usimfiche. Majirani wote pia nawasalimu. Salamu za Mwongeli nimeshindwa kuziandika.

Ni mimi,
Musau