Kombora la Wakubwa na Sinia la Da Zuwena

Alkhamisi, 21 Februari 2008. Maskati.

Leo kumekucha na ubaridi mzuri na mbingu safi, haina hata wingu. Mie ndiye niliyechafuka.

Nnaandika nikiwa nimekaa juu ya boksi la vyombo. Hasira haijanitoka, basi ntaieleza kwa utaratibu, kama nilivyozoea kueleza darasani.

Wanafunzi wangu wa zamani mnaonisoma hapa mtandaoni mnajua kuwa nimefundisha fizikia maisha yangu yote. Dada yangu mkubwa, Da Zuwena, hakusoma zaidi ya chuo cha Kurani kwa maalim, lakini sijamwona akishindwa kwa hoja. Tumekaa nyumba moja Ghubra tangu tulipofika kutoka Unguja. Mwaka huu ngazi za nyumba ile zimemwangusha mara mbili. Mwanangu Nasser amejenga Al Amerat, uwandani nyuma ya milima, akamtengea chumba cha chini kisicho na hata kidato kimoja cha kupanda. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kuhama.

Na kwetu hakuna anayeingia nyumba mpya kabla ya mwanamke mkubwa wa ukoo kutangulia na chetezo cha ubani. Mkubwa wetu ni yeye. Asipoingia yeye, haingii mtu.

Da Zuwena alikataa kuhama.

Kwanza alikataa kwa kuwa siku iliangukia Mfunguo Tano, na wazee wetu hawakuhamia nyumba mwezi wa Safar. Hilo nililimaliza kwa wiki mbili za subira. Kisha ikaja habari ya setilaiti. Wamarekani walirusha chombo cha kupelelezea, kikafa mara tu kilipofika juu, na sasa kilikuwa kinashuka kidogo kidogo bila ya mtu kukiongoza. Da Zuwena akasema hendi kukaa kwenye uwanda ule wa wazi na chuma kinamning'inia kichwani. Ghubra angalau kuna majumba marefu, kitawakuta wa juu kwanza.

Nikamweleza. Nilichukua tikiti, nikalizungushia uzi, nikamwonyesha jinsi chombo kinavyopita, na kwamba sehemu kubwa ya dunia ni bahari, na hata penye ardhi pengi hapana watu. Vingi vimeshaanguka na hapana aliyedhurika. Hiki nacho kitaungua chote hewani, nikamwambia, kama punje ya ubani juu ya kaa la moto. Akakubali. Tukalila tikiti.

Ijumaa iliyopita wakatokea wakubwa wa Marekani kwenye televisheni. Wakasema ndani ya chombo mna tangi la mafuta yenye sumu, na tangi hilo huenda likafika chini zima. Kwa hiyo watakipiga kombora kutoka kwenye manowari, kwa ajili ya usalama wa watu. Da Zuwena alizima televisheni, akanigeukia.

"Mwalimu," akasema, "kama hakina madhara, wanakipigia nini?"

Nikaenda kutafuta kalamu na karatasi.

Wiki nzima nimelitafuta jibu. Nimepiga hesabu upya, na kila nikizipiga hatari inatoka ndogo mno. Vyombo vikubwa kuliko hiki viliachwa vikaanguka vyenyewe. Mwaka jana Wachina walipopiga chao kwa kombora, hawa hawa walikunja uso, wakasema anga si uwanja wa vita. Mkuki kwa nguruwe. Basi ama mna siri ndani ya chombo hicho, ama wametaka kuonyesha kuwa na wao wanaweza. Sumu ni kisingizio, na mimi ndiye niliyebaki sebuleni na ganda la tikiti, nimeonekana mwongo mbele ya dada yangu.

Leo baada ya sala ya alfajiri tulipanda darini, juu ya nyumba, nimemshika mkono kila ngazi, maana mwezi ulikuwa unapatwa. Uliliwa upande mmoja, ukazidi kuliwa, ukateremka vile vile nyuma ya milima. Da Zuwena alikuwa na sinia lake la shaba, lile alilokuja nalo kutoka kwetu, akiligonga taratibu kwa kidole chenye pete. Utotoni tukipiga masinia na makopo mpaka chatu aliyeumeza mwezi auachie. Miaka yote nimemkemea kwa hilo. Leo nilimwacha agonge.

Saa nne habari ikatangazwa: kombora limepiga, limelenga barabara. Nasser alikuwa ameshapakia lori, dereva yuko nje anapiga honi. Nikamwambia dada kwa furaha ya kujilazimisha kwamba yamekwisha, twende.

Hakuinuka kitini.

"Mie nikipiga sinia waniita mjinga," akasema. "Wao wakipiga kombora, wataalamu. Na kilikuwa kimoja, sasa vipande vingapi? Nambie vinaangukia wapi."

Nasser alinitazama. Alijua nitaanza kueleza. Na kweli nilikuwa nimeshafungua mdomo: vipande vidogo, chombo kilikuwa kimeshashuka sana, vingi vitaungua upesi. Lakini ningeapa? Juu ya lile tikiti nilisema "chote" kama mtu aliyeandikiwa jibu, na sikuwa na hakika. Wale wa kwenye televisheni nao husema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa. Hilo limeniuma kuliko kombora.

"Sijui, Da Zuwena," nikasema. "Nadhani havitatufika. Lakini sijui."

Akamwambia Nasser, kana kwamba mie sipo, kuwa amenisubiri miaka sitini niseme neno hilo. Kisha akanyoosha mkono ainuliwe.

Njiani alikaa na mimi kiti cha nyuma cha gari la Nasser, sinia mapajani, chetezo miguuni. Tulipoingia Wadi Aday, barabara inapopita katikati ya milima na mbingu inabaki mstari tu, akalinyanyua sinia akalishika juu ya kichwa. Nasser alituona kwenye kioo, akauma midomo asicheke.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Wao wana makombora," akasema. "Mie nna sinia."

Sinia lile ni zito, likaanza kumwinamia. Nikashika upande wa pili, nikalisogeza linifunike na mimi, na tukaenda hivyo mpaka Al Amerat.

Ameingia wa kwanza, kwa mguu wa kulia, moshi wa ubani ukamtangulia. Sasa amelala chumbani kwake, na sinia limesimama mlangoni. Hasira yangu kwa wale wakubwa ntaamka nayo kesho, hilo nnalijua kwa hakika.